Kuongeza nyama hakuongezi uhai wa mshono

"Ongeza nyama hapo, ishike vizuri." Kauli hii ya wachomeleaji, nyama ikiwa ni chuma kinachoyeyushwa kwenye mshono, imenichosha. Kwenye fremu ya bogi, yaani kiunzi kinachobeba magurudumu ya behewa la treni, mshono uliozidi kipimo cha mchoro nao ni kasoro, na mkaguzi anayeupitisha kwa sababu "umeshiba" hajui fremu hufa kwa nini.

Fremu huuawa na mzigo wa kawaida unaojirudia mamilioni ya mara, siyo na mzigo mmoja mkubwa. Ufa huanzia ukingoni, mshono unapokutana na bamba. Pitisha ukucha hapo: ukiteleza bila kukwama, vizuri, ukinasa kwenye ngazi, mkazo nao utakusanyika papo hapo. Mkazo unaojirudia ukiwa mara 2, maisha ya kiungo yanashuka hadi takriban 1/8. Wala usikimbilie chuma kigumu zaidi. S690, chuma chenye nguvu zaidi, iliyochomelewa na kuachwa ilivyo huchoka karibu sawa na S355 ya kawaida, kwa kuwa kinachoamua ni umbo la ukingo.

Shika geji. Kwa daraja B, lililo kali zaidi, la ISO 5817, kiwango cha kimataifa cha ubora wa mishono, mshono wa ncha kwa ncha hauruhusiwi kuinuka juu ya bamba zaidi ya 1 mm kujumlisha sehemu ya kumi ya upana wake. Upana ukiwa 12 mm, mwisho ni 2.2 mm. Kwenye mshono wa pembe, koo (unene wake kutoka kona ya ndani hadi usoni) la 5 mm ni miguu (pande zinazoshika bamba) ya 7 mm. Ukilipeleka koo hadi 7 mm, chuma unachoyeyusha kinakaribia mara 2. Bamba linavutwa, fremu inapinda, halafu inanyooshwa kwa moto na kuongezewa mikazo mipya. Ukisawazisha ukingo kwa grinda, mikwaruzo ifuate mwelekeo wa mzigo; ikiukata, kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa.

EN 15085, kiwango cha Ulaya cha uchomeleaji wa magari ya reli, hupanga viungo kuanzia CP A, iliyo kali zaidi, hadi CP D, na ukaguzi kuanzia CT 1 hadi CT 4. CT 1 inadai mshono wote upimwe ndani na usoni. Hata hivyo, siamini vipimo peke yake. Eksirei huonyesha vitundu vya gesi vizuri, lakini pale chuma kilipolala juu ya bamba bila kushikana, miale inaweza kupita bila kuacha alama. Mawimbi ya sauti kwenye mshono wa pembe, wakaguzi wawili huyasoma tofauti. Ninachokiamini zaidi ni kipande cha majaribio kilichokatwa, kikasuguliwa na kupakwa asidi: mzizi, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mshono, umeshika au haukushika, unauona.

Nyama ya ziada pia ni dakika za ziada kwenye moshi wa kuchomelea, ambao IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, iliuweka mwaka 2017 kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Ndani ya fremu ya sanduku, agoni, gesi ya kukinga mshono, ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini na kuisukuma oksijeni. Pima oksijeni kabla hujaingiza kichwa, washa kifyonza moshi, na mtu asimame nje muda wote.