Mtoto kiziwi na lugha: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ubishi kuhusu namna ya kuwafundisha watoto viziwi ni wa zamani sana. Padri Charles-Michel de l'Épée, aliyefungua shule Paris katika karne ya 18, alifundisha kwa alama za mikono. Samuel Heinicke, aliyefungua yake Leipzig mwaka 1778, alishikilia kwamba bila sauti hakuna fikra za maana. Wakaandikiana barua za kupingana. Mpaka leo mzazi anayepewa majibu ya kipimo cha masikio ya mwanawe hukutana na kambi hizohizo mbili, na juu yake maneno mengi yasiyo na msingi. Haya ndiyo yanayorudiwa zaidi.

"Akizoea alama, hatasema kamwe"

Hii ndiyo dhana iliyoumiza watoto wengi kuliko zote, na ina historia. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia. Karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Kwa kura 160 dhidi ya 4 waliamua kwamba usemi uwekwe mbele ya alama darasani. Baada ya hapo shule nyingi za Ulaya na Marekani zilipiga marufuku alama, walimu viziwi wakapoteza kazi, na watoto wakaadhibiwa kwa kutumia mikono yao. Mkutano wa kimataifa wa fani hiyohiyo ulikuja kuyakataa rasmi maazimio hayo mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada. Miaka 130 ilikuwa imepita.

Sasa ukweli wenyewe. Usemi wa mtoto kiziwi hutegemea mambo mengi: kiasi cha usikivu kilichobaki, umri aliopata kifaa, ubora wa kifaa, mazoezi na mtaalamu wa usemi. Hakuna ushahidi thabiti kwamba alama huzuia usemi. Watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi, wanaokua na lugha ya alama tangu siku ya kwanza, kwa wastani husoma na kuandika vizuri kuliko viziwi wenzao waliokosa lugha utotoni. Tena wapo waliowekewa kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachowekwa sikioni kwa upasuaji ili kupeleka sauti kwenye neva kwa umeme, na wakasema vizuri kabisa huku nyumbani wakitumia alama. Mtoto aliyekwisha kujua kwamba vitu vina majina, kwamba jana si leo, kwamba swali hutaka jibu, anapofika kwa mwalimu wa usemi ana kitu cha kusema. Asiye na lugha yoyote hufundishwa kutoa sauti tu.

"Si atasoma midomo?"

Simama mbele ya kioo, useme bila kutoa sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya kitu kilekile mara zote tatu. Kisha jaribu hapa, kama, hama, kaba. Herufi p, b na m zote hufungwa midomoni, nazo k, g na h hutokea nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Sehemu kubwa ya sauti za lugha yoyote haionekani kwenye uso wa msemaji, kwa hiyo anayesoma midomo hujaza mapengo kwa kukisia. Na ili ukisie ni lazima lugha hiyo uwe nayo tayari. Mtu mzima aliyeupoteza usikivu ukubwani anayo. Mtoto aliyezaliwa kiziwi anaambiwa ajifunze lugha kwa njia inayomtaka aijue kwanza.

Hapo bado hatujaingia darasani. Mwalimu anageukia ubao huku anaendelea kueleza. Dirisha liko nyuma yake, uso unakuwa kivuli. Mwanafunzi wa nyuma anajibu swali, na mtoto anapogeuka kumtafuta, jibu limekwisha. Akiinama kuandika, amekosa sentensi mbili. Kusoma midomo kunasaidia, hasa pakiwa na usikivu kidogo, lakini hakubebi somo zima.

Kwa sababu hiyo Orin Cornett wa Chuo cha Gallaudet, Marekani, alibuni mwaka 1966 mfumo wa kuweka mkono karibu na mdomo, umbo la vidole na mahali mkono ulipo vikionyesha sauti ambazo midomo inazificha. Wengi huudhani kuwa lugha ya alama, kumbe ni njia ya kuifanya lugha ya kusemwa ionekane.

"Alama ni ishara tu, tena ni zilezile dunia nzima"

Mwaka 1817 Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, alishirikiana na Thomas Hopkins Gallaudet kufungua shule Hartford, Marekani. Matokeo yake ni kwamba lugha ya alama ya Marekani ina undugu na ya Ufaransa, na haielewani na ya Uingereza, ingawa nchi hizo mbili zinazungumza Kiingereza. Shirikisho la Viziwi Duniani linahesabu lugha za alama zaidi ya 300.

Kwamba ni lugha kamili lilionyeshwa kitaalamu na William Stokoe, mtafiti wa lugha wa Marekani, mwaka 1960: kila alama imejengwa kwa umbo la mkono, mahali na mwendo, kama neno lilivyojengwa kwa sauti. Sarufi hukaa usoni pia. Katika lugha nyingi za alama nyusi zikipanda, sentensi imegeuka swali la ndiyo au hapana. Na kule Nikaragua, watoto viziwi waliokusanywa katika shule za Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, bila kufundishwa alama, waliunda lugha mpya wao kwa wao, kila kundi jipya la watoto wadogo likiingia na kuitajirisha zaidi.

"Basi mwalimu aseme na kuonyesha alama kwa pamoja, mambo yaishe"

Inasikika kama suluhu, nami naelewa kwa nini inapendwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 wazo la kutumia kila njia inayomfaa mtoto, yaani alama, usemi, maandishi, picha na usikivu uliopo, lilikuwa ahueni kubwa baada ya marufuku. Shida ilikuwa utekelezaji. Kwa walimu wengi "kila njia" ikawa kusema na kutoa alama kwa wakati mmoja. Alama moja huchukua muda mrefu kuliko neno moja; lugha ya alama hufidia hilo kwa uso na kwa kutumia nafasi iliyo mbele ya mwili. Anayezungumza kwa sauti hawezi kufuata sarufi hiyo, kwa hiyo mikono huachwa nyuma. Waliochunguza walimu wa namna hiyo waliona alama nyingi zikidondoka njiani. Mwalimu anasikia sentensi nzima kwa sababu anajisikia mwenyewe. Mtoto anaona vipande.

Njia ya lugha mbili hutenganisha: lugha ya alama kwa kufundishia na kuongea, lugha ya taifa kwa kusoma na kuandika, na usemi kwa anayeuweza. Sweden iliitambua lugha yake ya alama mwaka 1981 na ikafundisha viziwi kwa mtindo huo. Nayo ina sharti gumu: inataka walimu wanaoimudu lugha hiyo barabara.

"Akiwekewa kipandikizi, atakuwa mtoto anayesikia"

Kipandikizi cha koklea ni kifaa cha ajabu, na simkatazi mtu. Lakini sikio zima lina seli za ndani za kusikia zipatazo 3,500, wakati vipandikizi vya kawaida vina elektrodi, yaani vipitisha umeme vinavyofanya kazi ya seli hizo, kati ya 12 na 22. Baada ya upasuaji huja marekebisho ya kifaa na miaka ya mazoezi. Matokeo hutofautiana sana kati ya mtoto na mtoto, na kikivuliwa usiku au betri ikiisha, yeye ni kiziwi.

"Tusubiri akue kidogo"

Hapana. Ubongo hausubiri. Inapendekezwa mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6.

"Sisi wazazi hatujui alama, tutamfundisha nini?"

Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo karibu kila familia huanzia sifuri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 uliwafuatilia watoto viziwi wenye wazazi wa aina hiyo: walioanza kuoneshwa lugha ya alama kabla ya miezi 6 walikuza msamiati kama inavyotarajiwa kwa umri wao, ingawa wazazi wenyewe walikuwa bado wanajifunza. Mzazi anahitaji kumtangulia mtoto hatua chache tu, na kumkutanisha na viziwi wakubwa wanaoitumia lugha hiyo kila siku.

Unapotembelea shule, jina la njia wanayoitumia lisikushughulishe sana, maana majina hayo kila mtu huyatumia atakavyo. Uliza walimu viziwi ni wangapi. Kisha mtafute mtoto wa darasa la tatu, umwombe akusimulie alichosoma jana, kwa njia yoyote anayoipenda.