Maana ya Kufundisha Kihispania kama Lugha ya Kigeni katika Shule ya Msingi

Kufundisha Kihispania kama lugha ya kigeni ni kumfundisha mtu Kihispania mahali ambapo lugha hiyo haizungumzwi nyumbani kwake wala mtaani, kiasi kwamba akishatoka darasani hakutani nayo tena hadi kipindi kifuatacho. Walimu wa fani hii huiita ELE, herufi tatu zinazosimamia maneno ya Kihispania “español como lengua extranjera”. Yanapoongezwa maneno “katika shule ya msingi”, dhana hii hupata sharti la pili lenye uzito uleule: mwanafunzi ni mtoto wa miaka 6 hadi 12 hivi, ambaye bado anajenga stadi za kusoma na kuandika katika lugha anayoijua, na ambaye hawezi kufundishwa kwa maelezo ya kisarufi kama afundishwavyo mtu mzima.

Maana ya “kigeni” hapa huonekana vizuri tukiwaweka watoto watatu pamoja. Wa kwanza amehamia Madrid na wazazi wake bila kujua neno moja la Kihispania. Huyo anajifunza lugha ya pili, kwa sababu michezoni, katika basi na kwa majirani atazungukwa na lugha hiyo apende asipende. Wa pili amezaliwa Los Angeles, bibi yake humwita na kumkanya kwa Kihispania, lakini shuleni husoma kwa Kiingereza. Kwake Kihispania ni lugha ya urithi, anayoielewa sana kwa sikio ingawa huenda hajawahi kuiandika hata mstari mmoja. Wa tatu hana bibi wala jirani wa kuzungumza naye Kihispania, ana kipindi tu katika ratiba. Huyu wa tatu ndiye mwanafunzi wa lugha ya kigeni, na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mmojawapo wa wale wawili kitamshinda, si kwa sababu yeye ni mzito wa kuelewa, bali kwa sababu kitabu hicho kinadhani ameshasikia mambo ambayo hajayasikia.

Tuhesabu kidogo. Shule inayotoa vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, katika wiki 36 za masomo, humpa mtoto saa 48 za Kihispania kwa mwaka mzima. Mtoto mdogo anayelelewa katika familia inayozungumza Kihispania hukaa macho na kuzungukwa na lugha hiyo kwa saa kama hizo ndani ya siku nne au tano tu. Pengo hili ndilo kiini cha dhana yote, na kila uamuzi wa maana katika ufundishaji huu hutokana nalo: mwalimu ndiye karibu Kihispania chote anachokipata mtoto, kwa hiyo dakika anazozitumia kueleza Kihispania kwa lugha nyingine ni dakika zilizopunguzwa kutoka katika akiba ambayo tayari ni ndogo mno.

Ndiyo maana mwalimu mzoefu huendesha mambo ya kawaida ya darasa kwa Kihispania tangu siku ya kwanza, na kwa maneno yaleyale. Anaingia, anasema “Buenos días”, anaangaza macho darasani na kuuliza “¿Quién falta hoy?”, yaani nani hayupo leo. Wiki ya kwanza watoto humtazama tu. Wiki ya tatu mmoja hunyoosha kidole kuelekea dawati lililo wazi. Baada ya muda wanamtaja asiyekuwepo kabla mwalimu hajamaliza swali, na siku moja mtoto ambaye hajawahi kufungua mdomo anasema “Hoy no falta nadie”, leo hayupo asiyekuwepo, sentensi yenye ukanushi wa aina mbili ambayo hakuna aliyemweleza kanuni yake. Ameipata kwa kuisikia kila mara katika tukio linalojieleza lenyewe.

Ukimya wa wiki zile za mwanzo hauna budi kuheshimiwa. Mtoto husikiliza na kuelewa muda mrefu kabla ya kuzungumza, na kumlazimisha kusema mapema humfanya aione lugha kuwa mtego. Njia moja ya kuujaza muda huo ni ile ambayo mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alianza kuieleza katika miaka ya 1960, ambapo mwalimu hutoa amri na mwanafunzi huitikia kwa mwili: “levántate” anasimama, “siéntate” anaketi, “abre la ventana” anakwenda kufungua dirisha. Mwalimu anapata ushahidi kwamba mtoto ameelewa, naye mtoto hajadaiwa kutamka neno lolote.

Kwa upande wa sauti, mtoto anayezungumza Kiswahili anaanza akiwa na mtaji ambao wengi hawana. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, zinazotamkwa karibu kama zile za Kiswahili, na herufi ñ ni “ny” ya “nyumba”. Shadda nayo humsaidia: neno linaloishia kwa irabu, au kwa n au s, huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili kinavyofanya, hivyo “mesa”, “ventana” na “libro” humtoka sawasawa bila kufundishwa. Ugumu huja kwa maneno yanayoishia kwa konsonanti nyingine, kama “papel” na “español”, ambayo hubeba mkazo mwishoni, na kwa yale yaliyowekewa alama kwa sababu yanavunja kanuni. Tofauti ya “papa” na “papá” ni shadda peke yake, lakini ya kwanza ni kiazi kwa Waamerika ya Kilatini, au kiongozi wa Kanisa Katoliki, na ya pili ni baba.

Maandishi, kwa upande mwingine, yanaweza kumpotosha mtoto huyohuyo kwa sababu yanafanana mno na anayoyajua. Neno “hijo”, mwana wa kiume, akilisoma kwa mazoea yake atakosea konsonanti zote mbili, kwa kuwa h ya Kihispania haitamkwi kabisa na j yake hutoka kooni, karibu na “kh”. “Vaca” hutamkwa kama “baka”. R moja na r mbili hutenganisha maana, kama ilivyo kati ya “pero”, lakini, na “perro”, mbwa. Kwa sababu hii naona ni busara kila neno jipya lisikike mara nyingi na litumike kabla halijaandikwa ubaoni, kwani sauti iliyokwisha kukaa sikioni huisahihisha herufi, ilhali herufi iliyotangulia huiharibu sauti. Tofauti ya r inafundishika vizuri kwa mchezo wa kusikiliza: mwalimu anataja “caro” na “carro” kwa kuchanganya, na watoto huinua mkono kila wanaposikia ile r inayotetema. Ulimi utachelewa, lakini sikio halichelewi.

Sarufi ndipo Kiswahili kinapotoa msaada mkubwa kuliko walimu wengi wanavyoutumia. Nomino za Kihispania zina jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na maneno yanayoandamana nazo hubadilika kuzifuata: “el libro rojo”, lakini “la casa roja”. Mwenye lugha isiyo na upatanisho huliona jambo hili kuwa la ajabu. Mtoto anayesema “kitabu chekundu” na “nyumba nyekundu” analifanya kila siku katika ngeli nyingi zaidi ya mbili, na anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba Kihispania nacho kina desturi hiyo, isipokuwa hapa mabadiliko huonekana zaidi mwishoni mwa neno. Vivyo hivyo kwa vitenzi: “hablo”, “hablas” na “habla” hubeba mtenda ndani yake kama “nazungumza”, “unazungumza” na “anazungumza”, ila Kiswahili huutanguliza utambulisho wa mtenda na Kihispania huuweka mwisho. Hata tofauti ya “ser” na “estar”, vitenzi viwili ambavyo vyote humaanisha kuwa, inayowatesa wanafunzi wengi duniani, ina mlango wa kuingilia: “La maestra es alta” ni mwalimu ni mrefu, na “La maestra está en la clase” ni mwalimu yuko darasani. Mlango huo haufiki mbali, kwa kuwa “estar” hutumika pia kwa hali kama uchovu, “está cansada”, lakini unatosha kumwingiza mtoto ndani.

Mtoto wa miaka 8 haelezwi haya yote kwa istilahi. Anaposema “Mi casa es rojo”, mwalimu hamkatizi wala hasimamishi somo ili kutaja kanuni, bali hujibu kwa furaha, “¿Ah, tu casa es roja? ¿Y la puerta también es roja?”, na mtoto, akiwa bado anafikiria mlango wao, hujibu “No, la puerta es negra”. Kosa limesahihishwa mbele ya darasa zima na hakuna aliyeaibika. Katika darasa la tano au la sita, mifano ikishakuwa mingi kichwani, wanaweza kuulizwa wenyewe wanaona nini kwenye miisho ya maneno, na hapo kanuni huwa ni jina tu la kitu wanachokijua.

Inambidi pia mwalimu aamue afundishe Kihispania kipi, maana lugha hii ni rasmi katika nchi huru 20, ikiwemo Guinea ya Ikweta barani Afrika. Wengi wa Uhispania hutamka z kwa kuuweka ulimi kati ya meno, nao wa Amerika ya Kilatini huitamka kama s. Uhispania watoto wenzako huwaita “vosotros”, yaani ninyi, na Amerika ya Kilatini “ustedes”. Mwalimu atumie lahaja anayoimiliki vizuri, na watoto wazisikie nyingine mapema kupitia nyimbo na rekodi.

Kuhusu umri, mara nyingi husemwa kwamba mtoto akianza mapema atajifunza haraka zaidi, na dai hilo linahitaji uangalifu. Utafiti ulioongozwa na Carmen Muñoz wa Chuo Kikuu cha Barcelona, uliohusu wanafunzi wa Kiingereza shuleni, ulionyesha kwamba waliochelewa kuanza, wakipewa idadi ileile ya saa, waliendelea kwa kasi zaidi kuliko walioanza wadogo. Faida ya udogo hutegemea wingi wa lugha inayomzunguka mtoto, nao wingi huo ndio hasa usiokuwepo katika mazingira ya lugha ya kigeni. Hoja ya kuanzia shule ya msingi basi iko penginepo: mtoto hupata miaka mingi zaidi kwa jumla, huzoea sauti ngeni kabla ya haya za ujana kuingia, na hujua mapema kwamba jambo moja linaweza kusemwa kwa namna nyingine.

Kiwango kinachotarajiwa kiendane na hesabu ile ya saa. Baraza la Ulaya lilitoa mwaka 2001 mfumo wa viwango sita vya kujua lugha, kutoka A1, cha chini kabisa, hadi C2, ambao Instituto Cervantes, taasisi ya Uhispania iliyoanzishwa mwaka 1991, huutumia katika mitihani yake ya Kihispania iitwayo DELE. Kwa vipindi viwili kwa wiki, lengo la haki kwa anayemaliza shule ya msingi ni A1: kujitambulisha, kusema anachopenda na asichopenda, kuuliza na kujibu maswali mepesi, kuelewa hadithi fupi yenye picha. Lipimwe kwa kumwona akitenda hayo, si kwa karatasi ya kujaza mapengo.

Kisha kiwango hicho kiandikwe na kipelekwe sekondari pamoja na mtoto. Mahali ambapo hili halifanyiki, mwanafunzi wa miaka 13 aliyekwisha kuulizwa “¿Quién falta hoy?” kwa miaka minne anajikuta ameketi katika darasa jipya, mwalimu akiandika ubaoni “Hola, me llamo…”, yaani hujambo, naitwa…, na kuwaomba wote warudie pamoja baada yake.