Mzigo salama wa soketi: maana yake

Mzigo, katika lugha ya umeme, ni kiasi cha umeme kinachovutwa kwa wakati mmoja na vifaa vilivyowashwa, na mzigo salama ni ule ambao plagi, soketi na waya uliofichwa ukutani vinaweza kuubeba kwa saa nyingi bila kupata joto la kuviharibu. Soketi za matundu matatu ya mstatili, ambazo ndizo za kawaida Tanzania, Kenya na Uganda, zimetengenezwa kubeba ampea 13, ampea ikiwa kipimo cha mkondo wa umeme unaopita kwenye waya. Zidisha kwa volti 230, yaani msukumo wa umeme wa nyumbani, unapata wati 2,990, ambazo mafundi huziita kilowati tatu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: soma wati zilizoandikwa kwenye kifaa, kisha gawanya kwa 230. Birika la wati 2,000 linavuta ampea 8.7 na pasi ya wati 1,200 inavuta 5.2, kwa hiyo vikiwaka pamoja kwenye ekstensheni moja jumla ni 13.9 na kikomo kimevukwa, ingawa matundu mawili bado yako wazi. Chaja ya simu na televisheni ya kawaida kwa pamoja hazifiki ampea moja. Vya kuogopwa ni vifaa vya kutoa joto.

Wengi huamini kwamba mzigo ukizidi, fyuzi, yaani kiwaya cha ndani ya plagi kinachoungua mkondo ukizidi, itakatika yenyewe. Kwa ziada ndogo sivyo. Fyuzi ya ampea 13 huweza kustahimili ampea 20 kwa muda mrefu, na breka (swichi ya kwenye boksi kuu inayojizima mkondo ukizidi) ya ampea 20 inaruhusiwa kuchelewa hadi saa nzima kabla ya kukata mkondo wa ampea 29. Muda huo wote joto linajikusanya, na halikui taratibu: mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne, hasa pale skrubu ya soketi ilipolegea. Ndiyo maana plagi huwa ya moto mkononi na tundu huzungukwa na doa la kahawia kabla breka haijashtuka.

Ekstensheni ina kikomo chake. Waya wake ukiwa umeandikwa milimita za mraba 0.75, hubeba takribani ampea 6 tu, hata kama plagi imeandikwa 13. Na ukiuacha umeviringwa, joto halina pa kutokea, hivyo uwezo unapungua zaidi. Hita ya bafuni ya wati 5,000 inavuta karibu ampea 22, nayo huvutiwa laini yake peke yake kutoka kwenye breka, kwa waya mnene zaidi.

Breka inayokatika mara kwa mara huwafanya baadhi ya watu waombe fundi awawekee kubwa zaidi, ya 32 mahali pa 20. Usumbufu unaisha siku hiyo hiyo, lakini waya uliomo ukutani ni ule ule uliopimwa kwa ajili ya 20.