Je, wajua? Nguzo za umeme za Usangu na umbali wa magalaksi

Ukiwa kwenye basi kutoka Makambako kwenda Mbeya, ukishapita Igawa tazama nguzo za umeme kando ya barabara. Za karibu zimeachana. Za mbele zinaonekana kubanana, mpaka mwisho ni kama meno ya kitana. Hakuna fundi aliyezibananisha. Ukijua nafasi halisi kati ya nguzo na nguzo, huko kubanana kwenyewe kunakwambia ziko mbali kiasi gani, bila kushuka na futi kamba.

Wanaastronomia hupima umbali wa magalaksi, yale makundi makubwa ya nyota, kwa ujanja huohuo. Lakini huko juu nani alisimika nguzo?

Ni sauti. Kwa miaka 380,000 hivi ya mwanzo, ulimwengu ulikuwa kama uji wa moto, chembe na mwanga vimeshikamana. Kila palipokuwa na msongamano, wimbi la sauti lilisambaa kwa kasi inayozidi nusu ya ile ya mwanga. Uji ulipopoa, mwanga ukachomoka, mawimbi yakaganda yalipofikia. Kwenye ukingo wa kila wimbi magalaksi yakaja kuzaliwa mengi kidogo kuliko kwingine. Ulimwengu umetanuka tangu hapo, na leo kutoka katikati hadi ukingoni ni kama miaka ya nuru milioni 490 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Hiyo ndiyo nafasi kati ya nguzo na nguzo.

Usitegemee kuyaona maduara hayo kwa macho, hata uwe Kitulo usiku wa Juni, anga jeusi ti. Fikiria mvua inaanza kudondoka juu ya Ziwa Ngosi: kila tone lina duara lake, yote yanapandana. Kwa hiyo watu wanahesabu. Chukua galaksi mbili, andika zimeachana kiasi gani, kisha nyingine mbili, mamilioni kwa mamilioni. Kwenye hesabu hujitokeza kinundu: jozi zilizoachana kwa umbali ule zimezidi kidogo tu. Kilionekana mwaka 2005, na makundi mawili, moja likitumia darubini ya New Mexico, jingine ya Australia. Mimi kinundu hicho hunishangaza kuliko picha zote za rangi za anga.

Siku hizi kazi hiyo inafanywa na DESI, kifaa kilichofungwa kwenye darubini huko Arizona, chenye nyuzi 5,000, kila uzi ukinasa mwanga wa galaksi yake. Vipimo vyake vya 2024 na 2025 vinadokeza kuwa nishati ya giza, ile inayoharakisha kutanuka kwa ulimwengu, huenda inadhoofika. Ushahidi haujatosha kulitangaza hilo, na jozi bado zinahesabiwa.