Happy, glad, pleased, satisfied: "nimefurahi" yako ni ipi kwa Kiingereza?

Kwenye Kiswahili ukisema "nimefurahi" umemaliza. Umekutana na rafiki wa zamani, umefurahi, umepandishwa cheo, umefurahi, mgeni kala chakula chako kakisifia, umefurahi, na anayekusikia atajua ukubwa wa hiyo furaha kwa sauti yako na zile "sana" unazorundika mwishoni, nimefurahi sana sana jamani. Kiingereza hakiendi hivyo. Wenzetu furaha wameikatakata vipande, kila kipande na neno lake, na tabu inaanza pale ambapo kamusi inakupa tafsiri ileile kwa yote, happy ni furahi, glad ni furahi, pleased ni furahi, unabaki kuokota neno lolote na kuomba Mungu liwe sawa.

Tuanze na "glad". Hili linaenda na habari au tukio fulani, na mara nyingi ndani yake kuna ahueni, yaani ulikuwa na wasiwasi sasa roho imetulia. Ndugu yako kasafiri na basi la usiku, asubuhi anakutumia meseji kafika salama, unamjibu "I'm glad you got there safely". Ukiweka happy hapo hujakosea, ila glad ndo yenyewe. Na ujue glad kwa kawaida haikai mbele ya mtu, Waingereza wa leo hawasemi "a glad child", watasema "a happy child", kwa sababu happy inaweza kuwa hali ya mtu ya siku zote lakini glad ni ya jambo lililotokea, likipita na yenyewe inapita.

"Happy" ni pana, na kuna matumizi yake mengine ambayo furaha yenyewe haimo kabisa. "I'm happy to wait" maana yake sina shida, nitasubiri. Kinyozi wa London akimaliza anakushikia kioo nyuma ya kichwa anakuuliza "Are you happy with that?", hapo haulizi maisha yanaendaje, anauliza umeridhia au apunguze tena kidogo, jibu yes au no mambo yaishe. Halafu kuna ile ya salamu, Happy New Year, Happy Birthday, sisi tunasema heri ya mwaka mpya, heri ya kuzaliwa, na kwa kweli tafsiri yetu imelenga penyewe kuliko watu wanavyodhani, maana happy imetokana na neno la zamani "hap" ambalo lilikuwa na maana ya bahati, na mtu wa karne ya 14 akiitwa happy maana yake kwanza ilikuwa mwenye bahati. Hilohilo hap ndo limezaa happen na perhaps.

"Pleased" ina harufu ya ofisini kidogo, au ya mtu aliyekaa kwenye nafasi ya kupima matokeo. Mwalimu anasema "I'm very pleased with your work", bosi naye hivyohivyo. Mnapokutana mara ya kwanza unasema "Pleased to meet you", lakini mara ya pili hiyo haifai tena, sasa ni "Nice to see you", hapa wengi wanateleza, mtu mnajuana miaka unamwambia pleased to meet you kama vile umemsahau. Na ukisikia "he's pleased with himself" usidhani anasifiwa, mara nyingi wanasema jamaa anajiona.

Sasa tufike kwenye "satisfied", hapa ndo nataka tukae kidogo kwa sababu ndo neno linalowaponza watu wetu kwenye barua na imeili. Sisi tunaijua kama kuridhika, na kuridhika kwetu ni kitu kizuri, kina amani ndani yake, kwa hiyo mtu kapata kazi anaandika "I am satisfied to receive this offer" akijua ameonyesha furaha. Anayesoma upande wa pili anaona kitu baridi, kama vile mtu kaikagua ile ofa kaona basi, inatosha. Na kutosha ndo asili yake hasa, imetoka Kilatini "satis", ya kutosha. Satisfied inapima kitu dhidi ya ulichotarajia au kiwango kilichowekwa na inakwambia kimefika, haikwambii kimevuka wala haikwambii moyo umechangamka. Ndo maana hata hakimu anaitumia, "the court is satisfied that the accused committed the offence", nasi tunasema vilevile kwamba mahakama imeridhika kuwa mshtakiwa ametenda kosa, na hapo hakuna mtu anayefurahi, ni kwamba ushahidi umetosha tu.

Ndugu yake "satisfactory" ni baridi zaidi. Kule England kuna Ofsted, wakaguzi wa shule, zamani walikuwa na daraja la satisfactory, likiwa la tatu kati ya manne, chini ya outstanding na good. Mwaka 2012 wakaliondoa wakaweka "requires improvement", inahitaji kuboreshwa. Neno ambalo kwetu lingetafsiriwa "inaridhisha" kule likageuzwa kuwa "bado hapajakaa sawa"! Kwa hiyo ripoti ya mtoto ikija na satisfactory usimnunulie soda bado, soma na maelezo ya mwalimu. Na ile barua ya kazi iandike "I am delighted to accept", au "very pleased" kama hutaki makuu.

Pia mezani, watu wengi wa huku wakishiba wanasema "I'm satisfied". Utaeleweka, ila Mwingereza wa kawaida atasema "I'm full", au kwa adabu zaidi "I've had plenty, thank you, it was lovely", na hiyo lovely mwishoni usiiache maana ndo inayomfurahisha aliyepika.

"Content" ni kuridhika kwa utulivu, kutosheka na ulichonacho bila kutamani zaidi, mzee amekaa barazani kwake hana deni na mtu, huyo ni content. Tamka ukikazia silabi ya pili, ukikazia ya kwanza inakuwa ile content ya video na picha za mitandaoni.

Kupanda juu ya hapo kuna delighted, thrilled, overjoyed, ecstatic. Haya tayari yana "sana" ndani yake, kwa hiyo very ecstatic au very overjoyed inasikika vibaya, ukitaka kuongezea weka absolutely, "absolutely thrilled". Mtaani Waingereza wana "chuffed" na "over the moon", hii ya mwezi utaisikia sana kwa wachezaji mpira wakihojiwa baada ya kushinda, Wamarekani wao vijana wanapenda "stoked". Chuffed ukimwambia Mmarekani anaweza asikuelewe kabisa.

Na hizi nchi mbili zinapishana kwenye mambo madogo yanayouma. Mgeni wa Uingereza akiandika kuhusu chumba chako cha hoteli "it was quite nice", mara nyingi amesema kilikuwa kizuri kiasi, si haba. Mmarekani akiandika hivyohivyo huenda amekusifia kweli. Halafu Mwingereza akionja pilau lako akasema "not bad at all" usikunje uso, hiyo kwao ni sifa. Mmarekani naye ukimkaribisha chakula akajibu "I'm good" hajasema yuko poa, amekataa, hapana asante.

Kuna mawili ambayo nayasikia kila siku na yanarekebishika haraka. Moja ni enjoy, sisi tunasema "yesterday we enjoyed" tunaishia hapo, Kiingereza cha kawaida kinataka ulifurahia nini, "we enjoyed the party" au "we enjoyed ourselves". Lingine ni mwisho wa neno, anayehisi ni -ed na kinacholeta hisia ni -ing, kazi ni satisfying, wewe ni satisfied, safari ni exciting, wewe ni excited, ukisema "I am exciting" umejisifia kwamba wewe mwenyewe ni mtu wa kusisimua watu.

Mwisho angalia vihusishi, yaani vile vineno vidogo with, about na for vinavyofuata happy. Happy with ni umeridhika na kitu, "happy with my new phone". Happy about ni habari au hali, "happy about the results". Happy for ni furaha ya mwenzako, kaolewa, kapata mtoto, kajenga, unamwambia "I'm so happy for you", na hapo ukichanganya ukasema happy with you, umemwambia unaridhika na mwenendo wake, kama bosi kwa mfanyakazi.