HR mwenyewe nikaacha kazi wiki ya kumi

Kazi yangu ni rasilimali watu, huu mwaka wa kumi na moja, hapa Dar. Barua za watu wanaoacha kazi nimepokea mpaka basi, halafu ikafika siku naandika ya kwangu, na nikaiandika vibaya, kosa lilelile ninalowakataza watu kila siku.

Nilikuwa nimehamia kampuni nyingine, mshahara umepanda kidogo, ofisi iko ndani ya godauni. Wiki ya tatu mguu wa kushoto ukaanza kuwaka moto, maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye tako, yanashuka hadi kidole gumba cha mguu, nikikaa dakika ishirini siwezi kunyanyuka bila kushika meza. Daktari akasema diski kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechomoza inabana neva. Basi nikawa nafanya kazi nimesimama, laptopu juu ya maboksi mawili ya karatasi za A4, watu wa godauni wakipita wanacheka, "Dada leo unahubiri?" Nami nacheka, ila daladala ya asubuhi kila tuta nalisikia kwenye mgongo.

Sasa watu wengi hawajui hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa kwenye mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Mtu akisikia hivyo anatulia kabisa, kumbe mwenye chini ya miezi sita kazini hizo siku kisheria bado si zake, labda mkataba wake umpe. Na ile kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali nayo haimhusu mpaka miezi sita itimie. Kwa hiyo ukiugua wiki ya tatu kama mimi unategemea mkataba na utu wa bosi, basi. Usichanganye na probesheni lakini, yaani kipindi cha majaribio kazini, hiyo ni kitu kingine, inaweza kuwa miezi mitatu au hata kufika kumi na mbili. Kilichobaki mkononi mwako tangu siku ya kwanza ni katazo la ubaguzi, ulemavu ukiwemo, hapo hawana cha kukuambia eti wewe bado mgeni.

Kabla ya kuacha niliomba kazi ya kukaa na kusimama kwa zamu na siku mbili za kufanyia nyumbani. Niliomba kwa mdomo, jikoni, tunasubiri chai! Meneja akasema "pole sana dada, vumilia probesheni iishe tutaona". Ingekuwa mfanyakazi wangu ningemgombeza, ombi kama hilo linaandikwa, hata imeili ya mistari minne, unaambatanisha karatasi ya daktari inayosema huwezi kufanya nini na kwa muda gani (ugonjwa wenyewe wote si lazima waujue), ili baadaye ionekane uliomba na ulijibiwa nini.

Halafu barua. Niliandika naacha kwa "sababu binafsi". Aibu tu jamani, niliona watasema huyu hata miezi mitatu hajamaliza, mvivu. Andika afya. Sentensi moja inatosha. Na kama tatizo limetokana na kazi yenyewe, umebeba mzigo au umeanguka, ndio kabisa usifiche, toa taarifa mapema kwa mwajiri ili ipelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ule mchango analipa mwajiri peke yake, huko hawaulizi umemaliza probesheni. Ukishaandika sababu binafsi halafu mwezi ujao unadai uliumia kazini, kazi unayo ya kueleza.

Notisi nayo ina hesabu yake. Ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7, ukishavuka na unalipwa kwa mwezi ni siku 28. Ukiondoka tu bila kuitumikia, mwajiri anaruhusiwa kukata hela ya hizo siku kwenye malipo yako ya mwisho. Mi niliomba wanipunguzie iwe wiki mbili, wakakubali, tukaandika tukasaini wote. Usiridhike na "nenda tu hamna shida" ya kwenye simu. Mshahara wa siku ulizofanya ni wako, na cheti cha utumishi, karatasi ya kuonyesha ulifanya kazi hapo, ni haki yako hata kama ulikaa wiki kumi. Ila fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, usilipigie hesabu, aliyeacha mwenyewe halimhusu.

Kitu cha mwisho hakipo kwenye sheria ila nakiona kila mara, kadi ya bima. Mtu anakabidhi barua kwa hasira, anaondoka, akifika hospitali anaambiwa kadi haisomi. Uliza kwanza inafungwa lini, kisha vipimo vya bei kubwa vitangulie. Picha ya MRI yangu nilipiga Jumanne, Ijumaa kadi ikazimwa.