Mshale mtupu haufundishi: ramani ya dhana katika somo la sayansi

Mwambie mwanafunzi wa darasa la sita aandike anayoyajua kuhusu malaria, naye atakujazia ukurasa: mbu, homa, chandarua, madimbwi, dawa. Maneno yote ni sahihi. Ukurasa huo hauonyeshi anayaunganishaje kichwani, na makosa mengi ya sayansi hujificha hapo.

Ramani ya dhana, yaani mchoro unaoonyesha mawazo yanavyoungana, ilizaliwa kutokana na tatizo la namna hii. Mwaka 1972, Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walikuwa katika utafiti uliowafuatilia watoto kwa miaka 12 kuona uelewa wao wa sayansi unavyokua. Mahojiano yalikuwa mengi mno, wakahitaji njia ya kuonyesha kwa mchoro kilichobadilika katika fikra za mtoto. Waliegemea hoja ya mwanasaikolojia David Ausubel kwamba kinachoathiri zaidi kujifunza ni kile mwanafunzi anachokijua tayari.

Dhana huandikwa ndani ya visanduku, zile pana juu na zile mahususi chini. Visanduku huunganishwa kwa mishale, na kila mshale huandikiwa maneno ya kuunganisha, kama vile "hubeba", "huzaliana katika" au "huzuia". Ukisoma kisanduku, mshale, kisha kisanduku kinachofuata, upate sentensi inayoweza kupimwa kama ni kweli au si kweli. Mshale usio na maneno hauna maana yoyote; darasani ndio ninaoukuta mara nyingi kuliko mwingine.

Tuchukue malaria hiyo hiyo. Andika ubaoni swali moja: "Malaria humfikiaje mtu?" Kusanya kwa wanafunzi dhana nane hadi kumi na mbili, halafu waachie wazipange. Mmoja ataandika "uchafu huleta malaria", mwingine "mbu husababisha malaria". Katika insha ungeweza kuzipita sentensi hizo bila kushtuka. Kwenye ramani zinabaki peke yake, na darasa zima linaweza kuzijadili. Malaria husababishwa na vimelea vya plasmodiamu. Mbu jike wa anofelesi huvibeba tu.

Sasa uliza: huyo mbu alivipata wapi vimelea? Wapo watakaosema amezaliwa navyo, na wapo watakaosema amevitoa kwenye maji machafu. Mshale unaokosekana ni ule unaotoka kwa binadamu mwenye vimelea kwenda kwa mbu anayemnyonya damu. Ukishachorwa, mzunguko unakamilika, na mtoto anaona mwenyewe kwa nini kumtibu mgonjwa mapema na kumlaza ndani ya chandarua kunawakinga majirani pia. Kwa maoni yangu, mshale huo mmoja una thamani kuliko ukurasa mzima wa kunakili.

Ndiyo maana nawasihi walimu wasichore ramani kamili ubaoni ili wanafunzi wainakili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kuchora ramani mwenyewe hunufaisha zaidi kuliko kusoma iliyochorwa tayari. Mwaka 2011, watafiti Karpicke na Blunt walichapisha katika jarida la Science matokeo yanayopaswa kututahadharisha: wanafunzi waliofunga kitabu na kujikumbusha walichosoma walifanya vizuri zaidi wiki moja baadaye kuliko waliochora ramani kitabu kikiwa wazi mbele yao. Basi vitabu vifungwe kwanza. Wachore kutoka kichwani, kisha wafungue wajisahihishe.

Darasa la wanafunzi themanini halizuii kazi hii. Wagawe wanne wanne, wakate vikadi kutoka maboksi ya dukani, waandike dhana moja kila kadi, wazipange sakafuni na kuchora mishale kwa chaki. Vikadi vina faida nyingine: mtoto huthubutu kukisogeza alichokosea, jambo ambalo haoni raha kulifanya akishaandika kwa kalamu.

Katika kusahihisha, usitoe alama kwa urembo wa mchoro wala wingi wa visanduku. Soma sentensi moja moja, weka vema kwenye zilizo sahihi, na kwenye zenye kasoro andika swali badala ya mkasi. Kila kundi linakili ramani yake kwenye daftari kabla sakafu haijafutwa. Mada ikiisha, wairudie ramani hiyo kwa wino wa rangi nyingine. Mishale iliyokatwa na iliyoongezwa itakuonyesha kipi kimeeleweka na kipi ufundishe tena.